Nyumba za bei ya chini ugenini: tuandikieni na yale yanayofuata baada ya ufunguo

Ndugu Mhariri,

Naomba nafasi katika ukurasa wenu wa barua za wasomaji ili nichangie habari mliyoiandika ya nyumba za bei ya chini zinazouzwa vijijini katika nchi za nje. Kwa miezi kadhaa sasa habari hiyo imekuwa gumzo katika vijiwe vya kahawa, katika makundi ya simu ya ndugu na majirani, na hata katika yadi ya magari ambako mimi nashinda kutwa. Wiki iliyopita kijana mmoja tunayefanya naye kazi alinionyesha kwenye simu yake picha ya nyumba ya mbao yenye paa la vigae vyeusi, imezungukwa na mashamba ya mpunga, na chini ya picha iliandikwa bei ambayo kwa shilingi zetu haifikii ile ya Vitz iliyotumika. Aliniuliza, “Mzee, hii si bora kuliko kiwanja cha Chanika?” Sikumjibu palepale, kwa sababu jibu lake halitoshi katika maneno mawili. Barua hii ndiyo jibu langu kwake, na kwa wengine wengi wanaouliza kama yeye.

Mimi ni mkazi wa Magomeni, na kwa zaidi ya miaka ishirini kazi yangu imekuwa kuagiza magari yaliyotumika kutoka Japani. Kazi hiyo imenifikisha huko mara kadhaa, na shemeji yangu, mume wa mdogo wangu, anaishi huko kwa kibali halali katika mkoa wa Toyama, ukanda wa baridi kali unaotazamana na bara la Asia. Mwaka 2019 alinunua nyumba ya kijijini kwa yen 600,000. Nilikuwa naye siku alipokwenda kuikagua, na tangu siku hiyo nimeifuatilia nyumba ile kuliko nyumba nyingine yoyote isipokuwa ile ninayolala. Ninayoyaeleza hapa ama nimeyaona, ama nimeyauliza kwa watu ambao kazi yao ni kuyajua.

Nianze na sababu ya bei kuwa chini, maana hakuna muuzaji anayeshusha bei kwa kupenda watu. Serikali ya Japani ilipohesabu makazi mwaka 2023 ilikuta nyumba zipatazo milioni 9 hazikaliwi na mtu, sawa na asilimia 13.8 ya nyumba zote nchini humo, na kati ya hizo zaidi ya milioni 3.8 hazikuwa za kupangishwa, wala za kuuzwa, wala za mapumziko, zimekaa tu. Wazee wamefariki, watoto wako Tokyo na Osaka, idadi ya watu inapungua mwaka hadi mwaka, na mrithi anaendelea kupokea bili ya kodi ya jumba asilolihitaji. Wenyewe huziita nyumba hizo akiya, yaani nyumba tupu, na halmashauri nyingi zimeanzisha orodha ambamo mwenye nyumba huandikisha mali yake ili anayetafuta aione. Halmashauri huonyesha tu. Haidhamini hali ya nyumba wala haisimamii mkataba. Kwa hiyo bei ile ndogo inayotushangaza ni bei ya mtu anayetaka kutuliwa mzigo, na mzigo wenyewe haupotei siku ya kutia sahihi, bali unahama bega.

Siku ile tuliyokwenda ilikuwa mwezi Machi, na theluji ilikuwa bado imelala upande wa kaskazini wa nyumba, mahali jua lisipofika. Tulivua viatu mlangoni kama ilivyo desturi yao, tukakanyaga mikeka minene ya majani wanayoiita tatami, ambayo ilikuwa imelegea kiasi kwamba kila hatua ilibonyea. Katika chumba cha ndani kabati la ibada ya wahenga lilikuwa bado lipo, na juu ya ukuta picha tatu za wazee zilikuwa zinatutazama, kwa kuwa warithi hawakuwahi kuja kuzichukua. Vyombo vilikuwa vimepangwa, magodoro yamekunjwa, na kalenda imesimama kwenye mwezi ambao bibi mwenye nyumba alipelekwa kwenye makao ya wazee. Shemeji alikuwa amekuja na fundi seremala wa kijijini, mzee mwembamba asiye na maneno mengi. Fundi yule hakutazama dari wala madirisha. Alipiga magoti jikoni, akafunua ubao wa sakafu, akatoa bisibisi na kuisukuma kwenye kitako cha nguzo; ikazama taratibu mpaka kwenye mpini, kama unavyochoma muhogo uliokwisha kuiva. Alipoichomoa alitupa tuone unga wa mchwa kwenye ncha yake, kisha akanyoosha kidole kwenye nguzo nyingine tatu. Kwa nje nguzo zote nne zilikuwa zinang’aa.

Kuzibadilisha nguzo hizo, kuinua sakafu ya jikoni na kupanga upya vigae vya upande mmoja wa paa kulimgharimu shemeji zaidi ya mara tano ya bei aliyonunulia nyumba, na hapo siku zake zote za mapumziko alikuwa anabeba mbao mwenyewe. Choo kilikuwa cha shimo, cha kunyonywa na gari. Kuweka tangi la kisasa la kusafishia maji taka ni gharama nyingine, na likishawekwa lina ukaguzi wake wa kila mwaka, upende usipende. Halafu kuna theluji. Sisi watu wa pwani tunaiona theluji katika picha na kuisifu, lakini katika milima ya Toyama isipoondolewa kwenye paa inaweza kuvunja nyumba, na kila majira ya baridi kuna watu wanaoanguka kutoka kwenye mapaa na kufa katika kazi hiyo. Anayenunua nyumba ya huko akabaki Dar es Salaam itabidi ampe mtu mwingine pesa apande paani kwa niaba yake, mwaka baada ya mwaka.

Sisi waagizaji wa magari tumezoea karatasi ya mnada, ile inayoonyesha daraja la gari, mikwaruzo yake, na herufi R ikiwa liliwahi kugongwa likatengenezwa. Nyumba nayo ina karatasi inayofanana na hiyo. Sheria ya Japani inamlazimisha dalali mwenye leseni kumpa mnunuzi, kabla ya mkataba, hati ya maelezo muhimu, na mtaalamu aliyesajiliwa lazima amweleze yaliyomo. Hati hiyo huandikwa kwa Kijapani, na anayenunua moja kwa moja kutoka kwa mwenye nyumba ili akwepe ada ya dalali hana haki ya kuidai. Ndani yake ndimo utakamojua kama ardhi inapakana na barabara kwa walau mita 2, na kama barabara hiyo ina upana wa mita 4, kwa sababu katika maeneo yenye mpango wa miji, kiwanja kisichotimiza sharti hilo kwa kawaida hakiruhusiwi kujengwa upya. Nyumba ikianguka, umebaki na bustani. Ndimo utakamojua pia kama lile shamba la mpunga lililo kwenye picha limo katika mauzo. Ardhi ya kilimo haihamishwi bila kibali cha kamati ya kilimo ya mahali hapo, na kamati hiyo itataka kujua nani atalima.

Jambo moja katika hati hiyo naomba msomaji alishike kuliko mengine, nalo ni mwaka wa ujenzi. Japani ilibadilisha kanuni za ujenzi kuhusu matetemeko ya ardhi mwezi Juni 1981, na nyumba iliyoidhinishwa kabla ya hapo ilijengwa kwa kipimo cha zamani. Nyingi ya nyumba za bei ya chini ni za kabla ya tarehe hiyo, na ya shemeji ilijengwa mwaka 1974. Januari 1, 2024, siku ya mwaka mpya, tetemeko la ukubwa wa 7.6 lilipiga rasi ya Noto katika mkoa wa Ishikawa, jirani kabisa na Toyama, na nyumba za mbao za aina hiyohiyo, zilizojaa wazee waliokusanyika na watoto wao kwa ajili ya sikukuu, ziliporomoka kwa mamia. Shemeji alitupigia usiku wa siku ile kwa saa zetu. Walikuwa salama, lakini udongo wa ukuta wa sebuleni ulikuwa umeachia kutoka juu hadi chini, na kwa majuma mawili walilala katika chumba kimoja karibu na mlango. Mdogo wangu hajasahau mlio ule. Anasema ulikuwa kama lori linalopita chini ya sakafu, tena halimalizi kupita.

Kuhusu ada na kodi sitakawia, ingawa ndipo wengi wanapoumia kwa kutoulizia. Tangu Julai 2024 dalali wa Japani anayeuza nyumba tupu ya yen milioni 8 au chini yake anaruhusiwa kutoza hadi yen 330,000 pamoja na kodi, ili madalali wasizikimbie nyumba za bei ya chini. Kwa nyumba kama ya shemeji hiyo ni zaidi ya nusu ya bei. Kuna ada ya usajili, kuna malipo ya mwandishi wa sheria anayeshughulikia hati, na kuna kodi ya kupata mali ambayo bili yake huja miezi kadhaa baadaye, wakati mnunuzi amekwisha kudhani kwamba mambo yote yamekamilika. Kisha kila mwaka kuna kodi ya mali isiyohamishika, ambayo kiwango chake cha kawaida ni asilimia 1.4 ya thamani iliyokadiriwa na halmashauri, na anayetozwa ni yule aliyekuwa mmiliki tarehe 1 Januari. Hapa kwetu tumezoea kodi ya majengo kukatwa kidogokidogo tunaponunua umeme wa LUKU tangu mwaka 2021, wala hatuisikii. Huko bili inakwenda kwenye anwani, na mmiliki anayeishi nje ya nchi anatakiwa kuteua msimamizi wa kodi aliye ndani ya Japani. Tangu Aprili 2024 pia, mmiliki wa nje anapojisajili anatakiwa kuonyesha mtu wa kuwasiliana naye ndani ya nchi. Mtu huyo atatoka wapi, kwa mkazi wa Mbagala asiye na ndugu huko?

Sasa nije kwenye jambo lililonifanya niandike barua hii, maana ndilo lisilotajwa na wanaosambaza picha zile. Japani inamruhusu mgeni wa taifa lolote kumiliki ardhi na nyumba moja kwa moja, bila sharti la uraia wala la kuishi nchini, na katika hilo imekuwa wazi kuliko nchi nyingi. Lakini hati ya nyumba haimpi mtu haki ya kuishi humo hata siku moja. Mtanzania anahitaji viza ya kuingia Japani, na viza ya matembezi haivuki siku 90. Ukiwa na hati ya nyumba mkononi, afisa wa ubalozi atakuhoji sawasawa na yule asiye na kitu. Nimekutana na watu wazima, wenye elimu na biashara zao, wanaoamini kwa dhati kwamba kununua nyumba ni njia ya kupata ukaazi. Imani hiyo imetokana na nchi chache zilizowahi kuwapa ukaazi wawekezaji wakubwa wa nyumba, na hata huko baadhi ya milango imefungwa: Ureno iliondoa njia ya ununuzi wa nyumba mwezi Oktoba 2023, na Hispania ikasitisha utaratibu wake Aprili 3, 2025. Tena viwango vyao vilikuwa mamia ya maelfu ya yuro. Havikuwa na uhusiano wowote na nyumba ya kijijini yenye mchwa.

Wengine wamevutwa na Italia, kwa habari ya nyumba za yuro moja katika miji midogo ya milimani ambayo vijana wake wamehama. Sambuca di Sicilia ilijulikana dunia nzima mwaka 2019 ilipotoa nyumba 16 kwa utaratibu huo, na masharti yake yaliandikwa wazi: mnunuzi aikarabati nyumba ndani ya miaka mitatu kwa gharama inayoanzia yuro 15,000, na aweke dhamana ya yuro 5,000 atakayorudishiwa akikamilisha kazi. Yuro moja ilikuwa bei ya kuanzia mnada. Hayo watu wameanza kuyajua. Wasilolijua ni kwamba sheria ya Italia, katika kifungu cha 16 cha masharti ya utangulizi ya sheria yao ya madai ya mwaka 1942, inampa mgeni haki kama za raia kwa sharti la usawa, yaani kwa kutazama kama Mtaliano naye angepata haki hiyohiyo katika nchi ya mgeni huyo. Mtu mwenye kibali halali cha kuishi Italia yuko katika hali nyingine. Lakini sisi tulioko hapa tukumbuke kwamba Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999, kifungu cha 20, kwa kawaida hairuhusu asiye raia kugawiwa ardhi ya Tanzania isipokuwa kwa ajili ya uwekezaji ulioidhinishwa kwa sheria ya uwekezaji. Mimi naiunga mkono sheria hiyo, kwa kuwa ardhi ndiyo akiba pekee ya wengi wetu. Hata hivyo, anayetaka nyumba Sicilia asilipe hata senti kabla hajamuuliza notario wa huko, yaani mwanasheria anayethibitisha hati za mauzo, na kupata jibu kwa maandishi, iwapo Mtanzania anayeishi Tanzania atapita kwenye mlango huo wa usawa.

Wala ugeni hauhitaji kupanda ndege. Mwenzangu mmoja wa yadi, mtu wa Tanga ambaye wajomba zake wako ng’ambo ya mpaka upande wa Lunga Lunga, aliletewa habari ya ekari tatu zenye nyumba ndogo ya mawe, minazi iliyokwisha kuzaa na kisima, kwa bei ambayo Bagamoyo usingepata hata robo ekari. Aliona kama anarudi nyumbani. Lugha ni ile ile, chakula ni kile kile, hata majina ya ukoo yanafanana, na yeye aliamini kwamba Jumuiya ya Afrika Mashariki imekwisha kufuta mambo ya mpaka. Akatoa malipo ya awali mbele ya wazee wawili na chai ya maziwa. Baadaye ndipo wakili alipomfungulia sheria. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 65, inamruhusu asiye raia kushika ardhi kwa upangaji tu, usiozidi miaka 99. Zaidi ya hapo, ardhi ya kilimo ikiuzwa lazima ipate idhini ya bodi ya udhibiti wa ardhi, na bodi hiyo haina ruhusa ya kumkubali mnunuzi asiye raia, isipokuwa awe amepata msamaha wa Rais. Mauzo yasiyo na idhini hiyo ni batili. Na Itifaki ya Soko la Pamoja iliyoanza kutumika Julai 2010, ambayo mwenzangu aliitegemea, inasema katika kifungu cha 15 kwamba upatikanaji na matumizi ya ardhi utafuata sera na sheria za kila nchi mwanachama. Sheria inamruhusu kudai pesa yake kama deni. Anaidai mpaka leo, na mdaiwa wake ni mjomba wake wa ukoo, jambo ambalo limeharibu harusi moja na limeingia katika matanga ya mama yake.

Naomba pia nigusie namna ya kupeleka pesa. Kutuma mtaji nje ya nchi kwenda kununua mali hakufanani na kumtumia mtoto karo ya chuo. Fedha za kigeni zina sheria na kanuni zake zinazosimamiwa na Benki Kuu ya Tanzania, kwa hiyo mnunuzi aende benki yake, aeleze kusudi lake kwa maandishi na asubiri jibu kabla hajatia sahihi mkataba wowote. Anayepitishia pesa mikononi mwa watu ili awahi, siku akiulizwa chanzo chake hatakuwa na karatasi ya kuonyesha, si huko wala hapa.

Kuna jambo la kutoka ambalo mnunuzi halifikirii akiwa bado anatafuta kuingia. Kiwanja cha Chanika ukishindwa nacho utapata wa kumuuzia, hata kwa hasara. Nyumba tupu ya kijijini Japani ilikuwa rahisi kwa sababu mnunuzi hakuwepo, na siku utakapotaka kuiuza wewe, mnunuzi bado hatakuwepo. Kubomoa nyumba ya kawaida ya mbao huko kunaweza kugharimu yen milioni moja na zaidi. Kuiacha ioze nako kuna adhabu: sheria ya nyumba tupu iliyorekebishwa, ambayo ilianza kutumika Desemba 2023, inaiwezesha halmashauri kumwonya mwenye nyumba isiyotunzwa, na akipuuza, anapoteza nafuu ya kodi ya kiwanja cha makazi, ile inayopunguza thamani inayotozwa hadi sehemu moja ya sita. Serikali ya Japani imeanzisha tangu Aprili 2023 utaratibu wa kupokea ardhi ambayo watu hawaitaki, lakini inapokea ardhi ya urithi tu, isiyo na jengo juu yake, tena kwa kulipwa ada ambayo kwa kawaida huanzia yen 200,000. Uliyenunua kwa hiari yako hupokewi.

Na wewe ukifariki, mzigo unakuja Dar es Salaam. Tangu Aprili 1, 2024 mrithi wa ardhi au nyumba Japani anatakiwa kuisajili kwa jina lake ndani ya miaka mitatu tangu ajue kwamba amerithi, vinginevyo anaweza kutozwa faini isiyozidi yen 100,000. Hebu fikirini familia ya Manzese inayokaa kikao baada ya arobaini, msimamizi wa mirathi ameteuliwa na mahakama ya mwanzo, na katika bahasha ya marehemu wanakuta hati yenye herufi ambazo hakuna hata mmoja anayejua ianzie juu au ianzie pembeni. Watatafuta mtafsiri, watatafuta vyeti vya kuzaliwa vya watoto wote, wa ndani na wa nje ya ndoa, na watavipeleka katika nchi ambayo hawana viza ya kuingia. Namsihi kila aliyenunua nyumba ya namna hiyo, au anayekusudia, amwambie mwenzi wake na watoto wakubwa leo, aandike jina la kijiji, jina la halmashauri na namba ya usajili, na karatasi hiyo ikae pamoja na wosia wake.

Baada ya kusema yote hayo, itakuwa si haki nisimsemee shemeji. Yeye nyumba yake imemfaa. Anaishi huko kwa kibali, anasema Kijapani cha kazini na cha gengeni, ana gari, ana mikono inayojua randa na msumeno, na kodi anailipa mwenyewe dirishani. Mwaka wa kwanza bibi wa nyumba ya jirani, aliyekwisha kuvuka miaka themanini, alikuja mlangoni na figili nyeupe tatu kubwa zenye udongo bado mbichi, akamweleza siku ambayo kijiji husafisha mfereji wa maji ya mpunga, na kwamba kila nyumba hutoa mtu mmoja. Shemeji hajawahi kukosa siku hiyo. Watoto wake wamejifunza kukausha matunda ya mti wa kaki kwa kuyaning’iniza kibarazani, na katika chumba kilichokuwa na picha za wazee, ambazo alizifunga kwa kitambaa na kuzikabidhi kwa warithi kwa heshima, sasa kuna meza ya kusomea na ramani ya Tanzania. Mtu wa namna hiyo nyumba ya yen 600,000 ni riziki kwake, na ningemshauri ainunue tena.

Ombi langu kwenu, Ndugu Mhariri, ni kwamba mtakapoandika tena habari za nyumba hizi, pembeni ya bei mweke mambo ambayo msomaji wa Dar es Salaam hawezi kuyaona kwenye picha: Mtanzania anapata haki gani juu ya ardhi katika nchi hiyo, hati hiyo inamruhusu kulala humo siku ngapi, nyumba ilijengwa mwaka gani, na kwa mwaka inadai nini hata ikiwa imefungwa. Mkiweza, waulizeni Watanzania wanaoishi huko, maana wapo na hawana uchoyo wa maelezo. Yule kijana wa yadi nimekwisha kumpa namba ya shemeji. Walizungumza Jumapili kwa muda mrefu, na swali la kwanza alilorudi nalo kwangu lilikuwa kama bisibisi inaruhusiwa kwenye mzigo wa ndege.

Msomaji wenu wa siku nyingi,
Magomeni Mapipa,
Dar es Salaam.